Kisiwa Kilichomlilia Njogu

Teresiah alifunga kibanda chake katika soko la Gikomba saa saba mchana, Jumamosi, saa ambayo wateja ndio kwanza wanaanza kumiminika. Alikunja nguo za watoto harakaharaka, akazirundika ndani ya gunia, akafunga kwa kamba. Sally, jirani yake wa kibanda cha pili, alimtazama kama mtu anayemwona mgonjwa akiamka kitandani na kuanza kucheza dansi.

"Tere! Unaenda kuzaa ama?"

"Naenda nyumbani."

"Jumamosi? Saa saba?" Sally alicheka hadi mafundi seremala wa ng'ambo ya barabara wakageuka. "Basi ni mwanamume. Na ni yule wa samaki."

Uso wa Teresiah ulimjibia. Ndiyo, alikuwa yule wa samaki. Kimanzi angefika nyumbani kwao, mtaa wa Baba Dogo, saa kumi, na hii ilikuwa mara ya kwanza kwa mama yake kukubali kumwona tangu arudi.

Miaka miwili iliyopita, kanisa lao lilimtuma Kimanzi kaskazini ya mbali, kwenye kisiwa cha Lorimet, mwamba mtupu katikati ya ziwa. Watu wake, wavuvi wote, hawafiki elfu moja, na wana lugha yao ambayo hakuna aliyewahi kuiandika. Kazi yake ilikuwa kujifunza lugha hiyo, kuiandika, kuwafundisha watu kusoma, na siku moja kuwapa Injili kwa maneno yao wenyewe. Alipoondoka aliacha ahadi ya kumwoa Teresiah. Aliporudi, wiki tatu zilizopita, alimkuta mlangoni mwa kanisa, akamwambia mbele ya watu waliokuwa wakitafuta viatu vya watoto wao, "Tere, ahadi yangu iko pale pale. Yako je?"

Yake pia ilikuwa pale pale. Lakini katikati yao palikuwa na kaburi.

Mwaka na nusu uliopita, Mzee Njogu, baba yake Teresiah, fundi wa vitanda Gikomba, alikufa ghafla. Alizikwa kwao Kangema siku ya nane. Kimanzi hakuja. Baada ya wiki tatu ndipo ulipofika ujumbe mfupi kwenye simu: "Pole sana Tere. Nilijaribu kuvuka, haikuwezekana. Nitakueleza nikija." Mama aliusoma mara mbili, akairudisha simu.

"Haikuwezekana," alisema. "Basi na hili la kukuoa nalo haliwezekani."

Hilo ndilo neno lililokuwa limesimama hadi leo. Na muda ulikuwa umekwisha. Jumatatu, Kimanzi alitakiwa kuijibu ofisi ya misheni: ama arudi kisiwani mara moja, peke yake, kwa miaka mitatu, ama abaki hadi Desemba, aoe, aende na mke wake. Teresiah alikuwa amemwambia wazi: "Siwezi kutoka nyumba hii mama akiwa amenipa mgongo. Baba nimempoteza kwa kifo. Mama sitampoteza akiwa hai."

Alipofika nyumbani alimkuta mama ameketi mahali pake karibu na dirisha, sinia ya maharagwe mapajani, akichagua. Kiarie, mdogo wake Teresiah, alikuwa amejilaza kwenye kochi na sare yake ya kiwandani.

"Tesh," alisema bila kuinua macho kutoka kwenye simu, "huyo msee wako akianza kuhubiri hapa, mimi natoka naenda kuangalia mechi kwa kina Khalif. Nakuambia mapema usikasirike."

"Hatahubiri."

"Wanaanzanga hivyo hivyo."

"Nyamaza, Kiarie," mama alisema. "Akija atakuwa mgeni. Mgeni hatukanwi kabla hajaketi."

Mlango ulibishwa saa kumi kamili.

Teresiah alifungua, na kwa kitambo kidogo walitazamana tu. Jua la ziwani lilikuwa limemkausha Kimanzi. Mifupa ya mashavu ilikuwa imetokeza, na kwenye kona za macho palikuwa na mistari ambayo haikuwepo alipoondoka. Lakini macho yalikuwa yale yale, yale yanayomtazama mtu kama yana nafasi ya siku nzima. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi na mtu asiyejua pasi. Teresiah alitamani kuunyoosha ule ukosi. Mkono ukainuka nusu, ukarudi.

"Karibu," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza kwa udogo.

"Niaje, pasta!" Kiarie aliita kutoka kwenye kochi. "Weh! Umeungua ukawa mkaa kabisa."

"Poa, Kiarie. Wewe umenenepa."

"Hiyo ni stress."

Kimanzi alimwendea mama, akainama, akamsalimu kwa mikono miwili. "Mama, habari za siku nyingi."

"Siku nyingi ni zako. Mimi niko hapa hapa." Hakumtazama. "Keti."

Aliketi. Teresiah alileta chai, akaiweka mezani, akaenda kukaa kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni, mahali anapoweza kuwaona wote wawili. Maharagwe yalikuwa yakidondoka kwenye sufuria, moja moja.

"Mimi si mtu wa kuzunguka," mama alisema hatimaye. "Nilimzika mume wangu. Watu walikuja hata ambao hatukuwaalika. Mtu wa Mombasa alikuja. Mwanamke aliyenunua kitanda kimoja kwa Njogu miaka kumi iliyopita alikuja, akalia. Wewe uliyekuwa ukishinda kwenye karakana yake kila Jumamosi ukijifanya unataka kujua useremala, kumbe unataka binti, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa kisiwani, mama."

"Hukupata habari?"

"Nilipata siku ya tatu." Kimanzi alishusha kikombe. "Simu kule inashika juu ya kilima kimoja tu. Nilipanda, nikakuta ujumbe wa Tere. Zilikuwa zimebaki siku tano kabla ya mazishi. Zilitosha."

Chozi lilimchoma Teresiah puani. Siku tano. Yeye alikuwa amejidanganya mwaka mzima kwamba habari zilichelewa.

"Zilitosha," mama alirudia. "Na hukuja."

"Nilifanya kosa. Na ni kosa ambalo mtu yeyote wa huku kwetu angelifanya. Nilisema."

"Ulisema nini?"

"Nilisema nimefiwa." Aliviringisha kikombe mikononi. "Nilishuka kile kilima nikikimbia, nikamwendea mwenye mashua, nikamwambia nimefiwa na baba, anivushe. Huku kwetu ukisema hivyo, hata usiyemjua anakupisha. Bosi anakupa ruhusa. Kondakta anakurudishia nauli. Kule ni kinyume chake. Mtu mwenye msiba mpya haingii majini. Wanaamini atakuwa anamtafuta marehemu, na atawavuta wenzake. Siku kumi na nne, mama. Huvuki. Kisiwa kizima kina mashua tano, nilizizunguka zote. Nilipiga magoti kwenye mawe. Wenyewe walikuwa wanalia wakinikatalia. Kama ningesema tu kwamba nimeishiwa na chumvi naenda kununua, wangenivusha saa ile ile."

Kiarie aliguna kicheko, akakimeza.

"Kwa nini hukuniambia?" Teresiah hakujua kwamba atazungumza. "Mwaka na nusu, Kimanzi. Mimi nilikuwa nakuona umekaa na daftari lako unaandika maneno ya watu huku sisi tunatupa udongo."

Alimgeukia. "Ningeandika nini kwenye simu, Tere? Kwamba sikuja kumzika baba yako kwa sababu nilisema nimefiwa? Niliuandika nikausoma mwenyewe, ukanuka uongo. Na niliporudi, niliogopa utanuka vivyo hivyo mdomoni."

"Basi ukakaa," mama alisema, "ukala samaki."

"Nilikaa, mama. Lakini hawakuniacha nikae peke yangu." Sauti yake ilibadilika, ikawa ya chini. "Kule mtu akifiwa, jioni wanakuja kuketi naye. Wote, kwa zamu, siku zote kumi na nne. Na hawasemi pole. Hawana hata desturi hiyo. Wanauliza. Kila anayekuja lazima aondoke na kitu kimoja kuhusu marehemu, na huruhusiwi kumpa mtu kitu ulichokwisha kumpa mwingine. Alikasirika vipi? Alilalia upande gani? Alipokuwa peke yake alifanya nini? Na mimi wakati huo nilikuwa na miezi sita kisiwani, nina maneno labda mia mbili. Naweza kuomba maji na kuuliza njia. Nilikuwa napoteza matumaini na lugha ile, hata nilikuwa nimeandika barua ya kuomba nirudishwe. Sasa naambiwa nimweleze Mzee Njogu."

"Ukafanyaje?" Kiarie alikuwa ameketi wima.

"Nilionyesha kwa mikono. Kule hakuna mti hata mmoja, hakuna seremala. Nilisimama katikati ya watu nikapiga randa hewani, hivi, jinsi mzee alivyokuwa akipiga, akilaza bega. Wazee wakasimama wakaiga. Nikawaambia alitengeneza vitanda. Hawakujua kitanda ni nini. Wao hulala chini. Nikawaeleza. Wakacheka sana, kwamba mtu atake kulala juu juu ili aanguke! Halafu bibi mmoja, Akuret, akasema, basi baba yako alikuwa mtu wa kuwainua watu waliochoka. Na ndivyo wanavyomwita hadi leo. Niliingia kwenye ule msiba nikiwa bubu, mama. Nilitoka naweza kugombana na mtu. Lugha yote niliyo nayo, niliipata nikimsimulia mume wako."

Mkono wa mama ulikuwa umesimama juu ya sinia.

Nje, mtu alikuwa akigonga bati. Teresiah alitazama shingo ya mama yake. Alikuwa anaijua shingo ile. Ikikakamaa, hakuna linalopita. Sasa haikuwa imekakamaa. Ilikuwa imeinama kidogo, kama ya mtu anayesikiliza kitu chumba cha pili.

"Uliwaambia nini?" mama aliuliza.

"Mengi."

"Taja."

"Niliwaambia alikuwa anapiga mluzi akifanya kazi."

"Mluzi?" Mama aliinua uso kwa mara ya kwanza. "Njogu? Njogu na lile pengo la meno mawili apige mluzi? Upepo tu ndio ungetoka! Alikuwa akiimba kwa pua. Hm-hm-hm, wimbo mmoja siku nzima, hadi unataka kumrushia sufuria."

"Mimi nilisikia kama mluzi."

"Ulikuwa unamsikiliza Teresiah, si Njogu. Endelea. Nini kingine?"

"Kile kidole chake. Kwamba kilikatwa na msumeno siku yake ya kwanza kazini, na hakulia."

Mama alifungua mdomo, akaufunga, na kile kilichofuata Teresiah hakukitarajia: mama alicheka. Hakuwa amemsikia akicheka hivyo tangu Kangema.

"Msumeno! Aliwadanganya na nyinyi pia! Kidole kilibanwa na mlango wa lori la viazi. Njogu alikuwa mpagazi, alikuwa akibeba magunia sokoni miaka mitatu kabla hajashika randa. Na alilia. Mimi ndiye niliyemfunga kitambaa, ndipo tukajuana."

"Ati baba alikuwa mpagazi?" Kiarie aliruka. "Mathe! Umetuficha hii maisha yote?"

"Nani aliniuliza?" Mama alimgeukia, na kicheko kilikuwa kimeanza kuloa. "Tangu tumzike, nani ameniuliza kitu juu ya Njogu? Mnaniuliza nimekula, nimemeza dawa, tokeni ya stima imeisha. Mkiona picha yake mnaondoa macho mkidhani nitaumia. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza."

Kiarie aliketi polepole. Teresiah alihisi aibu ikimpanda kutoka miguuni, kwa sababu ilikuwa kweli. Yeye ndiye aliyehamisha picha ile kutoka sebuleni.

"Nini kingine?" mama alimwambia Kimanzi, kwa sauti ya chini.

Kimanzi alisita. "Niliwaambia hakula samaki. Wao ni watu wa samaki tu, asubuhi hadi jioni. Jambo hilo liliwahuzunisha kuliko kifo chenyewe."

Mama hakucheka. Aliiweka sinia sakafuni, akapangusa mikono kwenye leso.

"Alikuwa anakula," alisema. "Alipenda samaki kuliko nyama. Alifundishwa na Akech, mpagazi mwenzake. Nilipokuwa na mimba ya huyu," akamwelekezea Teresiah kidevu, "harufu ya samaki ilikuwa ikinitapisha. Njogu akasema hata yeye haipendi, haitaingia nyumbani. Nikajifungua, tukasahau kusahihisha. Kila Ijumaa alikuwa akichelewa, eti kazi nyingi. Alikuwa kwa Akech. Anarudi amesugua mikono kwa ndimu, ananuka ndimu mtaa mzima. Karibu miaka thelathini. Sikumwambia kwamba najua. Alifurahi sana kunificha. Ningemharibia."

Teresiah aliinuka, akaenda akapiga magoti kando ya kiti cha mama, akalaza kichwa kwenye paja lake kama hakuwa na miaka ishirini na tisa. Mkono wa mama ukamshukia nyweleni.

"Wale watu," mama alisema juu ya kichwa chake, "wamelia siku kumi na nne."

"Ndiyo, mama."

"Wamemlilia mtu mwingine. Mpiga mluzi asiyekula samaki. Sasa wamebaki na huyo huko, na wangu hawamjui."

"Nikirudi nitawaeleza—"

"Wewe? Wewe uliyewaharibia?" Mama alimtazama sawasawa sasa, na katika macho yale mekundu palikuwa na kitu kama mzaha. "Hapana. Teresiah, ukifundishwa hiyo lugha, utaiweza?"

Teresiah aliinua kichwa. "Nitaiweza."

"Basi utaenda ukawanyooshee habari zake. Kuanzia leo hadi Desemba utakuwa unaketi hapa jioni nikueleze, maana hata wewe humjui vizuri." Kisha uso ukamgeuka, na lile swali ambalo ndilo lilikuwa limejificha chini ya maneno yote ya miezi hii likatoka, dogo, la mwanamke aliyechoka. "Na mimi je? Siku nikifa mimi, mtamwambia nini huyo mwenye mashua?"

Kimanzi aliteremka kutoka kwenye kiti, akachuchumaa mbele yake.

"Tutamwambia tumeishiwa na chumvi, mama. Nakuapia. Tutavuka siku hiyo hiyo."

Mama alimkazia macho. "Mmishonari unaniapia kwamba utadanganya."

"Mungu atanielewa."

"Atakuelewa," mama alikubali. "Jumamosi ijayo mlete mjomba wako. Na waje wazee, si vijana wa kwaya. Kiarie, washa jiko, haya maharagwe hayatajipika."

*

Teresiah alimsindikiza. Walitembea bega kwa bega bila kugusana, wakipita karakana za chuma ambako mafundi walikuwa wakifunga kazi. Jua lilikuwa limelala juu ya mapaa. Kimanzi alikuwa amejaa furaha hadi anatembea vibaya, anajikwaa kwenye mawe. Teresiah hakuwa na haraka ya kufurahi.

"Nina hasira na wewe," alisema.

Akasimama. "Najua."

"Hujui. Wewe ulipewa kisiwa kizima kikuulize. Mimi nilifungua kibanda Jumanne baada ya mazishi. Watu walisema pole, halafu wakauliza bei. Kama ungeniambia, tungelia pamoja hata kwa simu ya juu ya kilima. Ulininyamazia ukidhani unanihurumia."

Kimanzi hakujitetea. Alimtazama tu, na uso wake ulikuwa wazi kama mlango. "Nilikosea mara mbili," alisema. "Kule nilisema. Huku nikanyamaza."

"La pili usilirudie."

"Sitalirudia."

"Hata kama ni jambo baya."

"Hata likiwa baya, Tere. Wewe utakuwa wa kwanza kulisikia."

Alimwamini. Labda ni kwa vile hakupamba. Alinyoosha mkono, na safari hii hakuurudisha. Aliukunjua ule ukosi, akaulaza vizuri shingoni, na vidole vikakaa pale kidogo kuliko ukosi ulivyohitaji. Kimanzi alifumba macho. Fundi mmoja akapiga kelele kutoka karakanani, "Wee, msituzibie njia na mapenzi!" na wote wawili wakacheka.

"Mama amesema ndiyo," Kimanzi alisema. "Wewe bado hujasema."

"Toa simu."

"Ya nini?"

"Pigia ofisi ya misheni. Usingoje Jumatatu. Wapigie sasa, nikisikia."

Akatoa simu. Akakosea namba mara moja, akapata. Upande wa pili alipokea Mitchelle, anayesimamia safari za wamishonari, na sauti yake ilikuwa kubwa hata Teresiah aliisikia.

"Kimanzi? Jumamosi? Usiniambie umeghairi."

"Siendi mwezi huu," alisema. "Nitabaki hadi Desemba."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Naoa."

Ikasikika kelele iliyomfanya aitoe simu sikioni. "Ni nani? Kimanzi, ni nani, nikate tiketi za majina gani?"

Kimanzi alimtazama Teresiah, akiuliza kwa macho. Alikuwa amesimama pale kwenye vumbi, machozi yakiwa hayajakauka, akitabasamu, na akaitikia kwa kichwa, mara moja, kwa nguvu.

Akalitaja jina lake, majina yote matatu, pamoja na la baba yake, Njogu, polepole, ili Mitchelle aandike bila kukosea.